Woga Uliopewa Jina la Babu

Bangili ya Subilaga ilitetemeka wakati akimenya ndizi za mchana. Hakuiangalia papo hapo. Alimalizia ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye beseni la maji, akajifuta utomvu kwa jani, ndipo akageuza mkono taratibu kama mtu anayetazama saa tu. Maandishi yalikuwa mekundu. Ziwa limetema. Hewa nzito inashuka. Pandeni shuleni kwa njia ya juu. Msitumie barabara.

Hatua chache mbele yake, Lugano alikuwa akimgombeza bata. Bata huyo aliitwa Meneja, kwa sababu alitembea kifua mbele kama yule meneja wa chai aliyewahi kupita kukagua mashamba, na kwa sababu hakuwahi kuonekana akifanya kazi yoyote. Lugano alikuwa na miaka sita, na mchana huo alikuwa amemwita Meneja kikaoni aeleze nani amekula mchicha.

"Jieleze," Lugano alimwambia. "Na usiangalie pembeni."

Zamani bonde la Nsyukila lilikuwa na ving'ora. Mara ya mwisho vilipolia, watoto waliokuwa wakicheza mteremkoni walishtuka na kukimbilia nyumbani, na nyumbani kulikuwa chini, kule kule ilikokuwa ikienda hewa. Hewa ya ukaa inayotoka chini ya ziwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, haina moshi, hutiririka kama maji na kujaa mahali penye bonde, na anayehema kwa kasi huimeza zaidi. Baada ya msiba ule ving'ora viling'olewa. Tangu hapo onyo likaja kimya kimya, kwenye bangili za watu wazima peke yao, na kila mlezi akafundishwa kazi ya ziada: kuwa na uso mtulivu.

Uso wa Subilaga ulikuwa mtulivu. Shida ilikuwa kifua.

"Mama mdogo," Lugano aliita bila kugeuka. "Kuna kitu kinapiga."

Alikuwa ameweka kiganja chini ya mfupa wa bega, mahali ilipolala punje. Subilaga alikuwa na nyingine kama hiyo, upande huo huo. Punje hazikubeba maneno wala mawazo. Zilibeba mapigo, joto, ukavu wa mdomo na ule mkazo unaoshika tumbo, zikavipeleka kutoka kwa mlezi hadi kwa mtoto. Zilibuniwa miaka ile wazazi walipoanza kufanya kazi mbali na nyumbani, ili mtoto mchanga alale akisikia moyo wa mama yake hata kama mama yuko mkoa mwingine. Watoto wengi walitolewa punje walipofika darasa la tano, na wengine walilia siku hiyo.

Lugano alikuwa amewahi kusikia punje ikinyamaza. Homa ya mwaka wa mafuriko iliwachukua baba na mama yake, na siku mama yake alipokata roho, mtoto aliacha kunyonya. Alikaa hivyo, macho wazi, halii, mpaka wauguzi walipompandikizia Subilaga punje mpya, yeye aliyekuwa mke wa baba yake mdogo na bado bibi harusi wa juzi. Moyo wa Subilaga ulipoanza kupiga ndani ya kifua kile kidogo, mtoto alifumba macho akalala. Palikuwa na njia ya kuizima punje, kwa kuibonyeza na kuishikilia. Subilaga alikuwa ameapa kwamba yeye hataitumia.

Basi alivuta pumzi kama alivyofundishwa, ndefu ya kuingiza, ndefu zaidi ya kutoa. Akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya. Kisu kiliteleza.

"Unaogopa," Lugano alisema. Sasa alikuwa amegeuka, na hakuuliza. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka. "Unaogopa nini?"

Subilaga angeweza kusema haogopi. Angeweza, kama angekuwa anazungumza na mtoto wa zamani, mtoto asiye na kitu cha kumsuta. Alitazama juu, kama mtu anayetafuta jibu kwenye miti, na juu kule, katikati ya migomba, aliona bati la nyumba ya baba mkwe wake likimeremeta. Njia ya kwenda shuleni ilipita nyuma ya nyumba ile. Hakuwahi kuipita.

"Babu yako," alijibu.

Lugano alimkodolea macho. Kisha akatabasamu kidogo, kwa sababu jambo hili alilijua. Kila mtu bondeni alilijua. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni. Hapiti uani kwake, hali mbele yake, na wakikutana njiani mwanamke huacha njia, hujifunika kitenge kichwani na kusubiri mkwewe apite. Wasichana waliosoma mjini waliicheka desturi hiyo, wakaolewa, wakarudi kuishika. Watu waliopandikizwa mitambo kifuani bado walikuwa wakijificha kwenye migomba mkwe akipita.

"Kwa nini unamwogopa leo?"

"Kwa sababu leo tunapita nyuma ya nyumba yake. Tunakwenda shuleni, kuna shughuli. Asituone." Aliinuka, akajifunga kitenge. "Inabidi tuwe kitu kimoja, miguu miwili tu. Panda mabegani."

"Mimi si mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga hubebwa mgongoni. Mabegani hukaa wakubwa."

Lugano alilifikiria hilo, akalikubali. Aliuliza kuhusu Meneja. Subilaga alisema Meneja anabaki kuchunga nyumba, na ndizi zisiibwe. Alisema bila kumtazama bata.

*

Kati ya kilima kidogo cha nyumba yao na mlima wenye shule palikuwa na bonde dogo lenye kijito. Kwa siku za kawaida lilikuwa ni jambo la kuvuka huku ukiongea na mwenzako. Pale kijitoni palisimamishwa nguzo ya kupimia hewa. Nguzo za aina hiyo zilikuwa na pete ya taa iliyopanda na kushuka kufuatana na kimo cha hewa nzito, mfano wa alama ya maji kwenye tangi. Subilaga aliitazama akiwa bado mbali. Pete ilikuwa ya njano, na ilikuwa imesimama mahali ambapo kwa mtu mzima ni katikati ya paja.

Kwa Lugano, kama angekuwa anatembea, ni kifuani.

Akasimama. Bangili ilionyesha kuwa nyuma yao hewa imekwisha kufika barabarani na inapanda kuelekea nyumbani. Akisubiri hapa, itamkuta hapa. Aliishika vizuri ile miguu miwili midogo iliyoning'inia kifuani mwake, akasema kwa sauti ya chini ya mchezo kwamba sasa wanaingia sehemu ya hatari, Babu ana masikio, kwa hiyo hakuna kucheka, hakuna kuinama, na asiyejizuia ameshindwa.

"Nikipiga chafya?"

"Piga ya ndani."

Akaingia. Nyasi za kijitoni zilisimama kama kawaida. Kilichokuwa tofauti ni ukimya, kwa kuwa vyura hawakulia, na juu ya maji walielea wadudu, miguu juu. Ulimi wake ulipata uchachu kidogo, kama wa soda iliyomiminwa sasa hivi. Alijua maana yake. Aliinua kidevu, akawa anavuta hewa kwa pua, kidogo kidogo, na pete ya nguzo ilipanda, kwa utulivu mkubwa, hadi ikafika kiunoni.

Tope lilimshika mguu. Alipouvuta, ndala ilibaki.

"Mama mdogo, ndala yako."

"Iache."

"Mpya ile. Inama uichukue."

"Tutaifuata kesho."

Kichwa kilianza kumgonga. Aliwaza, wazi kabisa, kama mtu anayesoma kitu ubaoni: nikianguka, tumeanguka wote wawili. Wazo hilo halikupita kichwani peke yake. Lilishuka kifuani likawa mapigo, mapigo yakaingia kwenye punje, na juu ya mabega yake mtoto akaanza kutetemeka.

"Babu atatufanya nini?" Lugano alinong'ona.

"Hatatufanya kitu. Nitaona aibu tu."

"Aibu haiko hivi." Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania nywele zake. Pumzi za mtoto zilikuwa fupi, za haraka. "Mama mdogo, aibu haiko hivi. Babu ana nini?"

Hapo ndipo Subilaga alipojua kwamba uongo alioutoa ni mdogo kuliko woga aliouvika, na kwamba hakuna muda wa kushona mwingine. Alimwambia afunge macho ili Babu asiwaone, na apumue kama anayepuliza uji wa moto, pole pole, usiunguze midomo. Lugano akapuliza. Akapuliza tena. Subilaga akahesabu mipulizo hiyo badala ya hatua, akapanda.

Ukingo wa bonde lile ulikuwa mwinuko wenye utelezi. Na juu yake, mahali ambapo hewa njema ilianzia, alisimama Mzee Asajile.

Alikuwa ameshuka kuwatafuta. Alishika fimbo yake ya kutembelea, na kifuani alikuwa na bangili yake ya zamani iliyoning'inia kwa kamba, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwembamba mno siku hizi hata haiwezi kukaa. Subilaga alimwona usoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yake. Aliona mzee mwenye nyusi nyeupe na hofu kama yake mwenyewe, kisha akainamisha macho, kwa mazoea tu, huku miguu ikimzama topeni.

Mzee alifungua kinywa kuita. Akamwona mtoto aliyefumba macho, akaona kidole ambacho Subilaga alikiinua mdomoni. Alifunga kinywa. Akageuka, akawapa mgongo kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, akashuka hatua mbili kinyumenyume na kuipeleka fimbo yake nyuma.

"Mimi sijaona mtu," aliuambia mlima uliokuwa mbele yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kama kuna watu huko nyuma, washike fimbo."

Subilaga akaishika. Mzee akavuta, akivuta kama anayeburuta kuni, bila kugeuka hata mara moja. Lugano alifumbua macho katikati ya mwinuko, akauona mgongo wote wa Babu yake, karibu kabisa, na kutoka mabegani mwa Subilaga ikatoka sauti ambayo haikuwa kicheko.

*

Shuleni walilazwa madarasani, familia kwa familia, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani. Watu wote wa upande wao wa bonde walifika. Mifugo ya chini haikufika. Gwakisa, mume wa Subilaga, aliyekuwa kwenye visima vya mvuke huko Songwe, aliongea nao kwa simu kila jioni na kuahidi kuja njia ikifunguliwa. Kwa juu juu mambo yalikuwa mazuri, na wanawake waliopika pamoja uwanjani walisema Lugano hakulia hata kidogo njiani, mtoto jasiri yule, amemrithi mlezi wake.

Lugano hakulia. Ila asubuhi moja Babu yake alipita mlangoni mwa darasa na hindi la kuchoma, kama alivyokuwa akimletea tangu anaota meno, na mtoto aliingia chini ya dawati. Walipomtoa, sketi ilikuwa imelowa na meno yakigongana. Ikawa hivyo kila mara. Akisikia fimbo ikigonga sakafuni anageuza uso ukutani na kupuliza, pole pole, kama anayepoza uji.

Nesi Tupokigwe, mama mtu mzima aliyehudumia punje za bonde zima, alimpima kisha akamwita Subilaga pembeni, karibu na tangi la maji.

"Punje yake ni nzima, Mama Lugano. Na yako ni nzima. Siku ile ulimwambia unaogopa nini?"

Subilaga alimweleza. Nesi alisikiliza bila kumhukumu. Alikuwa amesikia mengi ya namna hiyo. Alisema mwili wa mtoto mwenye punje hujifunza kwa namna moja tu: woga ukija, hutafuta jina, na jina la kwanza utakaloupa ndilo litakaloshika. Wengine walikuwa wamewaambia watoto ni mchezo tu, na sasa watoto hao hawataki michezo. Mmoja alisema ni mvua.

"Wewe uliupa jina la Babu."

"Nilitaka asikimbie."

"Na hakukimbia. Yuko hai. Hilo lishike." Nesi alipangusa miwani yake kwa upindo wa gauni. Kisha akaeleza dawa. Angeweza kuingiza mawimbi ya utulivu katika punje ya Lugano kila Babu anapokaribia. Polepole mwili ungesahau. Walezi wengi waliomba hivyo, hakuna ubaya, na mtoto hahitaji kuambiwa chochote. Njia ya pili ilikuwa kumwambia ukweli. "Lakini ujue unachokifanya. Ukimwambia, atajua kwamba mdomo wako unaweza kusema hivi na kifua chako kikasema vile. Nimewahi kuona watoto waliolijua hilo. Wengine hawalali tena kwa punje. Na akishajua, mtarudi bondeni naye akiwa anajua anarudi wapi."

Subilaga aliomba apewe muda hadi kesho. Moyoni alikuwa amekwisha kuchagua dawa.

Alibaki pale akijaza ndoo. Upande wa pili wa tangi aliisikia fimbo ikiwekwa chini, na mtu akikaa kwa kuguna. Alijua ni nani. Akavuta kitenge kichwani na kutaka kuondoka, lakini ndoo ilikuwa bado, na mzee alikuwa ameanza kuongea. Hakuongea naye, kwa kuwa hilo haliwezekani. Aliongea na tangi.

"Wewe tangi," Mzee Asajile alisema, "hujaniuliza, ila nikuambie. Watu wanahangaika eti mjukuu wangu ananikimbia. Mimi nimeishi sana. Nimependwa na watoto, nimependwa na wajukuu, hata ng'ombe wamenipenda. Kama ninaogopwa ili mtoto yule awe hai, basi niogopwe tu. Wasimsumbue mtu kwa ajili yangu." Aliguna tena. "Ila hindi nitaendelea kuliweka mlangoni. Hindi halijamkosea mtu."

Ndoo ilijaa, ikafurika miguuni mwa Subilaga, yeye akiwa amesimama tu.

Usiku wote ule hakuwaza sana kuhusu mzee. Alilala ubavuni mwa mtoto na kuuwaza ule mwili mdogo. Ulikuwa umepewa jina la uongo, lakini wenyewe haukukosea. Aibu haiko hivi, ulisema. Ulijua pale kijitoni kwamba kuna kifo, ukajua kabla ya mtu kuuambia. Na dawa ya nesi ingefanya nini? Woga wa Babu na woga wa kijitoni ulikuwa mmoja, kwa hiyo ingeufundisha mwili huo kwamba moyo wa mama mdogo ukipiga namna ile, jambo la kufanya ni kutulia. Siku nyingine ziwa likitema, na yeye Subilaga asiwepo karibu ila moyo wake tu, ukipiga kutoka mbali kifuani mwa mtoto, mtoto angetulia. Angekaa chini. Angeendelea na kikao chake na bata.

*

Alimwambia asubuhi, kwenye ngazi za darasa, huku wakimenya ndizi. Lugano alikuwa amepewa kisu cha plastiki na ndizi moja, na alikuwa akiiharibu kwa bidii.

"Siku ile nilikudanganya," Subilaga alisema.

Kisu cha plastiki hakikusimama. "Kuhusu nini?"

"Nilikuambia namwogopa Babu. Sikuwa namwogopa Babu. Ziwa lilikuwa limetoa hewa mbaya, ile isiyoonekana. Ilikuwa imejaa kwenye kijito. Nilikubeba juu ili usiivute. Niliogopa hiyo. Niliogopa tusife."

Alieleza yote kwa maneno mafupi, na kwa nini hakuinama kuchukua ndala. Alieleza kwamba Babu alikuwa ameshuka kuwasaidia, na fimbo ile ndiyo iliyowatoa. Lugano alisikiliza akiitazama ndizi yake. Alipouliza, hakuuliza kuhusu Babu.

"Na Meneja?"

Hapa ndipo Subilaga alipotamani sana uongo mmoja tu, mdogo, wa bata.

"Meneja alikufa. Yeye ni mfupi. Hewa ilimfikia."

"Ulisema anachunga nyumba."

"Nilisema."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Lugano aliiweka ndizi chini, na kisu juu yake, akaenda kukaa ngazi ya mwisho, mbali kadiri ngazi zilivyoruhusu. Alilia kama watoto wanavyowalilia wanyama wao, kwa sauti kubwa, bila kujificha. Subilaga hakumfuata. Kwenye bakuli maji yalianza kugeuka meusi kwa utomvu, na uwanjani wanawake walitazama mara moja kisha wakageuzia macho yao kwenye sufuria zao, kwa heshima.

Kilio cha mtoto kilipungua. Mkono wake ulikuwa umepanda chini ya mfupa wa bega.

"Sasa hivi unaogopa," alisema, mgongo ukiwa umegeuka.

"Ndiyo."

"Unaogopa nini? Sema ya kweli."

Subilaga alifungua mdomo, na jibu likatoka dogo kuliko alivyotarajia. "Kwamba hutaniamini tena."

Lugano aligandamiza kiganja, kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alisikiliza kwa makini. Alisikiliza kama nesi anavyosikiliza. Kisha akashusha mkono.

"Hiyo ni kweli," alisema.

Hakusema amesamehe. Alifuta kamasi kwa mkono wa gauni, akauliza kama hewa ile itarudi tena, na Subilaga akasema huenda itarudi. Akauliza kama siku hiyo ataambiwa. Subilaga akasema ataambiwa, na palepale, na kwa jina lake. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, kama anayefunga kikao. Halafu akainuka na kukata kona ya jengo kuelekea kwenye tangi, bila kuaga.

Subilaga alibaki na kisu mkononi. Ukuta wa jengo uliziba, hakuweza kuona kitu. Alisikia fimbo ikigonga mara moja na kusimama. Alisikia sauti ndogo ikisema shikamoo, ikisita, ikirudia shikamoo kwa nguvu zaidi, na sauti nzito ikiitikia marahaba. Baada ya hapo hakusikia chochote, na huo ukimya ndio uliomchosha kuliko yote ya bondeni.

Walipotokea kwenye kona, mzee alikuwa mbele, mgongo umenyooka, fimbo ameipitisha nyuma yake. Lugano alikuwa ameshika ncha yake kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa bado mekundu, na magoti yake, Subilaga aliyaona vizuri, yalikuwa yakitetemeka. Lakini alikuwa anatembea. Kila baada ya hatua alipuliza, pole pole, na kusonga tena. Mahindi mawili ya kuchoma yalichomoza kwenye mfuko wa koti la Babu.

Njia yao ilipita mbele ya ngazi kabisa. Lugano aliivuta fimbo, na mzee akasimama kama ng'ombe aliyezoea mchungaji wake.

"Mama mdogo," mtoto aliita kwa sauti ya kiofisi, "jifunike uso. Tunapita."

Subilaga akavuta kitenge, akajifunika hadi kidevuni. Humo ndani, kwenye giza la kitambaa chenye harufu ya moshi na ndizi, machozi yalimtoka na kicheko kikambana mbavu, vyote kwa pamoja, na moyo ukapiga upesi kama siku ile. Alijua Lugano anausikia. Hakuvuta pumzi ndefu ya kuutuliza. Aliuacha upige, huku hatua nzito zikikanyaga pole pole na hatua ndogo zikizifuata, zikipita mbele yake na kwenda zao.